Kasha la Vadivu kwa Pembe ya Kusini-Magharibi

Vadivu hakuwa mtu wa kupendeka. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani namsifu kwa undugu. Hatuna undugu. Mimi nauza spika na vifaa vyake hapa Coimbatore, na yeye alikuwa ananisukia koili. Kwa miaka kumi na sita tumebishana bei ya waya wa shaba kila wiki, na siikumbuki hata wiki moja niliyoshinda vizuri.

Alianzia kwenye pampu. Nusu ya mji huu inatengeneza pampu za maji, nusu nyingine inatengeneza mashine za kusagia rojo la idli, vile vitumbua vya mvuke, na ndani ya kila mota kuna shaba iliyosukwa na mikono ya wanawake. Aliingia kiwandani msichana wa miaka kumi na minane, akatoka ana thelathini na mbili, vidole vyake vimeshazoea kuhesabu mizunguko vyenyewe huku yeye akiwaza mengine. Siku moja aliuliza kwa nini yeye anafundisha kila msimamizi mpya na hakuna anayemfanya yeye msimamizi. Wakamwambia wasukaji hawapandi cheo.

"Hawapandi, au hawapandishwi?"

Akadai kiinua mgongo chake, wakamzungusha miezi mitatu, mwisho akawaambia wampe ile mashine kuukuu ya kusukia iliyokuwa inaota kutu stoo, wamalizane. Walidhani wamempunja. Aliifunga uani kwake, mtaa wa Peelamedu, na kabla mwaka haujaisha nusu ya mafundi spika wa mji walikuwa wanapiga foleni pale, mimi nikiwemo.

Nilichompelekea mimi zaidi kilikuwa sabufa, zile spika za besi, zilizoungua. Wateja wangu hawasikilizi besi, wanaipima kwa suruali: isipotikisa suruali, hawalipi. Basi koili zinaungua. Mara ya tatu niliporudi na spika ileile hakuipokea.

"Bhai, kaka yangu, koili yangu haina kosa. Kasha lako ndilo linaiua."

"Kasha ni mbao tu, dada."

"Mbao tu? Haya, ingia kabatini, nikufungie, uimbe. Halafu utoke uniambie kama ni mbao tu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo akaanza kuzipima spika zangu kabla ya kuzirudisha. Aliilaza spika tupu juu ya matofali mawili, akaipa mvumo unaopanda polepole, akasubiri ule mvumo mmoja ambao karatasi ya spika inaruka kuliko mingine yote. Anaandika. Kisha anagandisha sarafu nne za rupia tano juu ya karatasi kwa nta kidogo, sarafu ambazo alishazipima kwa sonara, anarudia. Mvumo ule umeshuka. Kwa tofauti ile anajua karatasi ina uzito gani na springi yake ina ugumu gani, na kwa hayo mawili anajua inataka kasha la ukubwa gani. Hesabu yenyewe alifundishwa na mwalimu wa chuo cha ufundi aliyekuwa na kisima shambani na pampu mbovu. Somo moja kwa mota moja. Mwalimu alikuja kuniambia kwamba yeye ndiye aliyepata hasara, maana pampu zilikwisha na maswali hayakwisha.

Ndivyo alivyofika kutengeneza makasha. Na hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu ya vibati.

Katika biashara yetu, kasha likitoka kwa fundi halina jina. Jina naliweka mimi. Ninavyo vibati vya kung'aa vilivyoandikwa FALKENROT, na usinitafutie hiyo Falkenrot kwenye ramani. Tuliibuni tukinywa chai, mimi na mpiga chapa, kwa sababu ilisikika kama Ujerumani. Kasha lenye kibati linauzwa mara mbili ya kasha lisilo nacho. Mteja anajua, mimi najua, na mteja anajua kwamba najua. Wote tunaenda nyumbani tumeridhika.

Vadivu hakuridhika. "Nikikosea utawaambia ni mimi. Nikipatia ni Falkenrot. Huyo Falkenrot amewahi kuunguza kidole?"

"Dada, watu hawanunui besi ya mama wa Peelamedu."

"Hujawahi kuwauzia. Unajuaje?"

Kazi iliyotukutanisha na jambo hilo uso kwa uso ilikuwa ya Nachimuthu, mwenye kiwanda cha fulana Tiruppur, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Alikuwa amejenga chumba cha sinema chini ya nyumba yake, viti vya ngozi, kuta zimevishwa kitambaa, kila kitu. Sabufa ilikuwa ya tatu, zote kutoka ng'ambo, zote zimeletwa na Dinakaran, kijana wa Chennai anayevaa viatu vyeupe hata kwenye vumbi. Na zote tatu zilifanya jambo lilelile: gitaa la besi, ngoma, bomu, mlango wa gari, yote yalitoka buum, buum, buum, kama mtu anapiga pipa.

Sababu kila mtu aliijua. Sabufa ilikuwa pembeni kabisa, kuta zimeikumbatia, na pembe huikuza besi kama mtungi unavyoikuza sauti ya anayesemea ndani yake. Dinakaran aliomba isogezwe mita mbili tu. Lakini pembe ile ilikuwa ya kusini-magharibi, na mama yake Nachimuthu, Bi Ponnathal, alikuwa ameshatamka. Kwa imani yao ya kupanga nyumba, kizito hukaa kusini-magharibi. Sefu iko huko ghorofani, kitanda cha mwanawe kiko huko, na hicho kidude chenye uzito wa ndama kitakaa hukohuko.

"Mama, ni sayansi," Dinakaran alimwambia.

"Na mimi nimezaa watano kwa sayansi gani?" Bi Ponnathal akamjibu. "Kikae."

Nilimpeleka Vadivu nikitegemea naye ataanza kubembeleza. Hakubembeleza. Aliketi sakafuni penye pembe ile na simu yake, akacheza mivumo mmoja mmoja, akahama kiti hadi kiti akiandika kwenye daftari la shule lenye picha ya tausi. Alipomaliza akasimama.

"Pembe haina kosa," alisema. "Hizi sabufa zimetengenezwa kwa watu wanaoziweka popote. Nyinyi hamuweki popote. Basi itengenezwe ya hapa."

Dinakaran akapiga kofi moja la mzaha. "Shangazi, kule kwa wenyewe wana maabara. Wewe una nini?"

"Nina pembe. Wao wanayo?"

Nachimuthu alicheka, akamuuliza anataka nini. Nilifungua mdomo kutaja bei, Vadivu akanitangulia. "Bei atakwambia huyu, ndiyo kazi yake. Mimi nataka jina langu mbele ya kasha. Likiweza kukaa pale bila kupiga kelele za pipa, liandikwe Vadivu."

"Tutaona," Nachimuthu akasema.

"Tutaona si ndiyo. Sema ndiyo au niondoke na basi la saa tisa."

"Haya, ndiyo! Ndiyo, mama. Eh!"

Alifanya kazi wiki saba. Makasha tunayoyauza sisi yana tundu na bomba, hewa inatoka na kuingia, na bomba lile ndilo linaloongeza besi. Yeye lake alilifunga kabisa, bila tundu. Akanieleza mara moja tu, kwa haraka, kama anayetaja bei ya vitunguu: kasha lililofungwa, kadiri sauti inavyozama, linapungua nguvu polepole. Pembe, kadiri sauti inavyozama, inaongeza nguvu polepole. "Nikipungua sawasawa na inavyoongeza, tumefika sawa. Wenzangu walikuja wameshiba, pembe ikawapakulia tena. Mimi nakuja na njaa."

Mbao aliziweka mbili mbili, zikashikana kwa gundi, na ndani akazitia mihimili ya kuzibana zisitetemeke. Chini akaweka bamba la itale alilolinunua kwa wachonga mawe ya kusagia, nafuu, kwa sababu lilikuwa na mstari. Tumboni akajaza pamba ya mabaki kutoka vinu vya nyuzi, akiichambua kwa vidole na kuipima kwenye mizani ya mchele, maana pamba ikiwa kidogo kasha linalia kwa ndani, ikizidi linazimia. Tulipolinyanyua watu wanne lilitutoa jasho. Kisha akafunga mbele spika yake, koili kaisuka mwenyewe, tukalijaribu palepale uani.

Nilisikia aibu. Ilikuwa besi safi, lakini nyembamba, besi ya mtu anayeongea kwa adabu. Suruali yangu haikutikisika hata uzi.

"Dada. Hili ndilo?"

"Unalisikiliza uani, bhai. Uani hakuna pembe."

"Nachimuthu atatutupa nje."

"Basi tutatoka."

Sikumwamini, na niseme wazi, nilikuwa tayari nimewaahidi shemeji wawili wa Nachimuthu sabufa mbili zaidi kama hii ingekubalika. Kasha lilipofika dukani kwangu kusubiri gari, nilimwambia fundi wangu atie kibati. Nilifikiri, sauti ikishindwa, basi angalau sura ifanye kazi. Vibati vyetu vina miguu miwili ya bati, mitupu katikati kama mrija. Fundi hutoboa matundu mawili, anapaka gundi, anagonga. Ameshatia mamia. Kwenye kasha lenye bomba, tundu la ukubwa wa punje ya dengu si kitu.

Siku ya kulijaribu ilikuwa Ijumaa asubuhi. Vadivu alikuja kwa basi, akakuta kasha limeshakaa pembeni na kibati kinang'aa. Alikitazama, akanitazama.

"Kitoe."

"Tuuze kwanza. Tafadhali. Ukishalipwa utakitoa kwa meno ukitaka."

Angenijibu, lakini Bi Ponnathal alikuwa ameshaingia na sahani ya msandali uliosagwa na poda nyekundu, maana hakuna chombo kipya kinachowashwa nyumba ile bila kutiwa alama. Akachota rundo zima la msandali, akaunyoosha mkono kwenye karatasi ya spika.

"Hapo sipo, mama!" Vadivu akamshika kifundo cha mkono. "Hapo ndipo mdomoni. Bibi harusi unampaka kwenye meno?"

Yule bikizee akamtazama juu mpaka chini. "Paji lake liko wapi?"

"Hapa, kwenye mbao."

Akapaka mbao, tena kwa ukarimu. Nachimuthu akaketi, Dinakaran akaketi nyuma yake, nami nikabonyeza.

Mara ya kwanza nilidhani ni filamu yenyewe. Besi ilikuja, ikashuka, ikajaza chumba, kisha chini ya sauti ile nzito kukatoka kitu kingine: fsss. Fsss. Kila ngoma ikipiga, fsss, kama baiskeli inayopoteza upepo. Nachimuthu akakunja uso. Dinakaran alikuwa amengoja wiki saba.

"Shangazi, umetengeneza sabufa au jiko la mvuke? Wali ukiiva utuite!"

Mimi nilikuwa natazama mlango uko umbali gani. Vadivu hakubadilika sura. "Zima," aliniambia. Akamgeukia Bi Ponnathal. "Mama, nipe kijiti cha udi."

Aliwasha udi, akaniambia nicheze mvumo mmoja wa chini, mitetemo ishirini kwa sekunde, bila muziki. Akapitisha moshi polepole kwenye kona za kasha, kwenye maungio, kuizunguka spika yote. Moshi ulipanda wima. Akapitisha chini ya kibati. Moshi ukaruka nje, ukanyonywa ndani, ukaruka nje tena, sawasawa na pumzi ya spika.

Alichomeka bisibisi nyuma ya FALKENROT, akakibandua mara moja, kikatoka na miguu yake. Matundu mawili pale mbele, yanatutazama.

"Nani katoboa?"

"Mimi," nikasema, kwani angalau hilo lilikuwa langu. "Fundi wangu."

"Nililifunga wiki saba," alisema, bado kwa sauti ileile. "Nimelijaribu kwa udi kila ungio mara tatu. Wewe ukalitoboa ili liitwe Mjerumani."

Akatoa mkobani gundi ya udongo ya kuzibia pampu, akaikanda kati ya vidole, akaziba matundu, akayasindilia kwa kidole gumba. Tukakaa nusu saa ikauke. Chai ililetwa.

Tulipowasha tena, sijui niseme nini zaidi ya hiki: niliacha kuisikia sabufa. Nilisikia gitaa la besi, na kila uzi wake ulikuwa uzi wake. Nilisikia ngoma ina ngozi. Kisha ilikuja sehemu ya filamu ambapo treni inapita juu ya daraja, na ile besi ya adabu ya uani ikateremka mpaka chini kabisa, pembe ikaipokea, kiti changu kikaijua treni kabla ya masikio. Hakuna pipa. Nachimuthu alirudia treni mara tatu. Dinakaran alikuwa ameinamia simu yake.

"Haya," Nachimuthu akasema mwishoni, akisugua mikono. "Imepita. Sasa, bhai, rudisha kile kibati. Kwa gundi tu, msitoboe."

"Jina langu," Vadivu akasema.

"Mama, nielewe. Wageni wangu ni watu wakubwa. Watauliza imetoka wapi. Nitasema nini, Peelamedu?"

"Ndiyo, useme Peelamedu. Ulisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo nikijua hutaweza!"

Alicheka baada ya kusema hivyo, akitegemea sote tucheke. Nilimnong'oneza Vadivu kwamba bei naweza kuipandisha kwa robo, palepale. Hakunisikia, au alinisikia. Alipiga magoti mbele ya kasha akaanza kufungua skrubu za spika. Zilikuwa nane.

"Unafanya nini?"

"Hujalipa bado, kwa hiyo si wizi."

Nachimuthu akawaita wapagazi, kama ni hivyo walitoe lote. Lakini Bi Ponnathal akasimama mbele yao: kizito hakitolewi kusini-magharibi siku ya Ijumaa, labda wamtoe yeye kwanza. Wapagazi wakarudi nyuma.

"Basi kasha libaki," Vadivu alisema, akikata nyaya za spika. "Pembe ina uzito wake. Sauti ni yangu."

Akaifunga spika kwenye kitambaa cha sari kuukuu, kilo kumi na nne za sumaku na chuma, akapanda ngazi nayo. Nilimwambia nitampeleka kwa gari. Akasema amekuja kwa basi.

Nachimuthu alishikilia siku kumi na moja. Najua kwa sababu alinipigia simu kila siku, kwanza akitukana, kisha akiuliza kama nina spika nyingine ya kuingia tundu lile. Nilimpelekea mbili. Zote zilinguruma vibaya, maana kasha lilikatwa kwa ile moja. Wakwe zake walikuwa wanakuja Jumapili, na alikuwa ameshawasimulia treni. Nilimwendea Vadivu kwa niaba yake. Akaniambia, huku anasuka, "Aje mwenyewe."

Alikuja mwenyewe, na gari lake refu lililoziba uchochoro wote. Alisimama uani kwa sababu kiti kilikuwa na mabunda ya waya.

"Liandikwe," alisema. "Lakini dogo. Chini, pembeni."

"Kiwandani kwako umeandika jina lako ukubwa gani?"

Lile jina lina urefu wa mtu, na usiku linawaka.

"Lako linaonekana kutoka barabara kuu," Vadivu akasema. "Langu silitaki kwenye barabara kuu. Nalitaka lionekane na aliyekaa kitini. Mbele, katikati, chini ya spika. Ukitaka kusema hapana, sema, chai hii hapa, unywe uende."

Alikunywa chai, akasema ndiyo mara ya pili. Safari hii Vadivu hakutosheka na neno tu. Alimtaka aende kwanza kumleta yule mchoraji anayeandika malori kwenye kituo cha malori cha Avinashi, jina lichorwe kwa rangi ya mafuta, lenye kivuli, kama kwenye mkia wa lori. Rangi ilipokauka ndipo alipobeba spika yake, akapanda basi. Wakwe walipouliza imetoka wapi, Nachimuthu alisema, "Someni wenyewe," kwa sauti ya mtu aliyelitafuta jina lile dunia nzima. Shemeji zake wote wawili waliagiza.

Mimi sikumwomba msamaha. Nilimuuzia shaba kwa bei ya kununulia mwezi mzima, na yeye hakunishukuru, tukawa tumeelewana.

Baada ya miezi michache Dinakaran alikuja Peelamedu na viatu vyake vyeupe. Alikuwa na mteja Chennai, nyumba nzima imepangwa kwa mwelekeo, pembe ileile, tatizo lilelile. Alileta vipimo vya chumba, vizuri kabisa, na sanduku la peremende. Alitaka kasha moja, alipe yote mbele, kwa sharti dogo tu.

"Lisiwe na maandishi, shangazi. Mengine nitayamaliza mimi."

Vadivu aliendelea kuzungusha mashine yake. Alimaliza mzunguko, akakata shaba, akafunga ncha kwa uzi, akachukua mrija mwingine wa kusukia.

"Geuza gari taratibu," alimwambia. "Huko nyuma kuna mtaro."

Dinakaran akabaki amesimama na lile sanduku, akinitazama mimi, anasubiri nimwombee. Nilisogeza mabunda ya waya nikaketi, nikaanza kubishana naye Vadivu bei ya koili za wiki ile.